Ngozi ya Klachi ya Papa Louis

Gari lenyewe linaitwa Aldersley. Lilitengenezwa Uingereza mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na sita, na tangu siku hiyo sidhani kama limemfaa mtu. Nasema hivyo kwa kuwa nimefanya kazi nalo nyumba moja miaka saba, mimi jikoni, lenyewe gereji, ukuta mmoja katikati. Historia yake naijua kuliko historia ya shangazi zangu, maana mwenye gari, Papa Louis, hana habari nyingine ya kumsimulia mtu.

Papa Louis ni Mbelgiji wa hapa kwao, mtaa wa Auderghem, mzee wa miaka themanini na sita. Ujana wake aliula kwetu Bujumbura, wakati ule ikiitwa Usumbura, alikuwa karani wa kampuni ya kahawa. Alirudi kwao na Kiswahili cha kuamrisha tu: leta, toa, funga, ngoja, fanya mbio. Neno la kuomba hakulibeba, labda sanduku lilijaa. Mimi nilikuja kumtunza mke wake, marehemu Greta, mwanamke wa heshima ambaye alikuwa haongei sana, nadhani kwa kukosa nafasi. Alipofariki mzee akasema niendelee siku mbili kwa wiki, kupika na kufua. Nikaendelea. Mtu mzima huwezi kumwacha na soksi zake.

Sasa hilo gari. Lina viti vinne na milango mitatu. Hesabu vizuri, sijakosea. Mlango wa dereva haupo, pamechongwa mistari tu kwenye bati ili mtu wa mbali adhani upo. Fimbo ya gia na fimbo ya breki ya mkono zimesimama palepale ambapo mlango ungefungukia, basi Waingereza wakaona bora dereva aingie kwa upande wa abiria na kujiburuta kwa makalio mpaka kwenye usukani. Papa Louis anajiburuta hivyo kila Jumapili, na anaona ni ufundi.

Na silinda zake. Zamani serikali ya kule ilikuwa ikitoza kodi ya gari kwa kupima upana wa silinda, urefu haiuangalii. Basi mafundi wakazifanya silinda nyembamba na ndefu kama chupa, pistoni inasafiri kutoka chini mpaka juu kama mtu anayepanda dari kutafuta nguo za zamani. Mtoza kodi kadanganywa, sawa, lakini injini nayo ikawa haina haraka. Halafu gari lenyewe mwanzoni lilikuwa dogo, la watu wawili. Lilipouzika, wateja wakataka nafasi ya mama mkwe na mizigo. Kiwanda kikairefusha fremu kwa kipimo cha mkono mmoja, injini ileile, gari likashindwa vilima. Wakairefusha tena safari ya pistoni, likapanda, lakini likawa halisimami. Wakaongeza breki za mbele, za kuvutwa kwa vyuma virefu vilivyopita chini ya gari, na vyuma hivyo vikawa vinajivuta vyenyewe gari likiingia kwenye shimo. Kila dawa ilizaa ugonjwa wake. Haya yote Papa Louis husimulia kwa sauti ya mtu anayetaja mawalii.

Mimi ningeendelea kulidharau gari hilo kimyakimya mpaka kufa kwangu, kama si mwanangu Burhani.

Burhani alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha magari cha Forest. Alikuwa upande wa milango. Kiwanda kikafungwa mwezi wa pili mwaka huu wa elfu mbili ishirini na tano, na yeye ana miaka arobaini na sita, umri ambao hapa mtu anaambiwa bado kijana akienda hospitali na ameshazeeka akienda kuomba kazi. Aliandika barua nyingi. Akawa anakaa kwangu Etterbeek mchana kutwa, anakaza makomeo ya kabati ambayo hayajalegea. Nilimwonea huruma, na makabati pia.

Ndipo akatokea Stijn. Huyu ni Mflamandi, Mbelgiji wa kaskazini, ana karakana ya kutengeneza magari ya zamani, na ni mmoja wa wazee wa klabu ya Papa Louis, klabu ya wenye magari ya zamani, ingawa yeye ana miaka hamsini tu na mikono yake ina kazi. Alikuwa anatafuta fundi. Papa Louis akamwambia, mbele yangu, kwa Kifaransa: "Huyu mama ana mtoto wa kiume, alikuwa anafunga milango kiwandani." Akacheka kidogo kwenye neno milango.

Stijn hakucheka. Akasema Aldersley ya Papa Louis imeshindwa kilima cha msituni miaka miwili mfululizo. Klabu ina matembezi yake ya mwezi wa tano, na lazima magari yote yapande kilima hicho yakiwa na watu wanne ndani. "Mtoto wako akiipandisha, Madame, namwandikia mkataba. Si wa majaribio. Mkataba kamili."

Basi hapo gari nililolidharau miaka saba likashika mkate wa mwanangu. Mungu ana mambo.

Burhani alikuja Jumanne na begi lake la spana. Spana zake hazikuingia kwenye bolti hata moja, maana Waingereza wa wakati huo walikuwa na vipimo vyao peke yao. Papa Louis akamwazima seti yake, moja moja, kila moja akiipangusa kabla ya kuitoa na baada ya kuipokea.

"Bon, papa Louis, mimi naona kwanza moteri," Burhani akasema.

"Moteri muzuri. Usiguse moteri."

"Sasa niguse nini?"

"Tazama tu."

Burhani akamtazama yeye, halafu akatazama gari, akafunua boneti akaigusa moteri. Alifanya kazi mpaka adhuhuri. Nilipompelekea chai alikuwa amekaa kwenye ndoo, anajifuta vidole.

"Maman, moteri iko muzuri kweli. Muzee hakusema uongo. Inazunguka kama cherehani."

"Sasa kwa nini halipandi?"

"Embrayage. Nguvu inatoka kwa moteri, haifiki kwa magurudumu. Njo uone."

Akatoa ubao wa sakafu, karibu na miguu ya dereva, akanionyesha klachi, hiyo ambayo sisi wa Bujumbura tunaiita ambrayaji kama Wafaransa. Katika magari ya leo ni sahani. Katika Aldersley ni koni ya chuma, mfano wa kikombe kisicho na kitako, iliyovalishwa ngozi ya ng'ombe. Ukiachia pedali, koni inaingia ndani ya gurudumu zito la injini kama kikombe ndani ya kikombe, ngozi inang'ang'ania chuma, gari linakwenda. Yaani uzito wote ule, fremu, milango mitatu, mama mkwe na mizigo, umewekwa juu ya kipande cha ngozi kisichotosha kiatu cha mtoto. Nikauliza kama wenye kiwanda walikuwa walevi. Burhani akasema wakati ule wengi walifanya hivyo.

Lakini mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Nilikuwa natazama lile tundu la sakafu.

Kila Jumamosi Papa Louis hupaka ngozi za gari lake krimu ya nta. Anapaka viti, anapaka mkanda wa boneti, anapaka mikanda ya sanduku la nyuma. Ana brashi tatu, kubwa, ya kati na ndogo yenye mpini mrefu. Ile ya mpini mrefu huitumbukiza kwenye tundu la sakafu na kuzungusha, ulimi nje kidogo, kama anayepaka dawa koo la mgonjwa. Miaka yote nilidhani anafukuza panya.

Nikamwambia mwanangu. Akaingiza kidole, akakitoa, akakinusa. Akanipa nami ninuse. Ilikuwa nta, na marashi ya limau ndani yake.

"Amepaka ngozi ya kung'ang'ania kwa dawa ya kung'arisha viti," Burhani akasema polepole. "Maman, hii inateleza kuliko sabuni."

Sikushangaa sana. Watu wa klabu hii ndivyo walivyo. Hawapendi gari liende, wanapenda ling'ae, na huyu alikuwa ameling'arisha mpaka ndani ya tumbo, mahali ambapo macho ya mtu hayafiki.

Adabu yetu ni kwamba mzee humuumbui. Nikamwendea Papa Louis mwenyewe, taratibu, na kahawa mkononi. Nikamuuliza kama huwa anaipaka ngozi ya klachi kitu chochote.

"Mimi fuata kitabu ya gari," akasema. "Kitabu sema ngozi isikauke. Donc mimi lainisha."

"Kitabu kimesema ulainishe kwa krimu ya viti?"

Akanywa kahawa. Akasema ina baridi. Ilikuwa inatoa moshi.

Kitabu nilikiona baadaye, kiko kwenye droo ya marehemu Greta. Ukurasa umekunjwa pembe. Burhani akausoma: ngozi ilowekwe katika mafuta ya nyonyo, na ikiteleza ipakwe vumbi la udongo mkavu. Mzee alisoma mstari wa kwanza, wa pili akaona utamchosha.

Tukadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Burhani alisema ngozi imekunywa nta miaka mingi, haioshiki, lazima ikatwe nyingine. Papa Louis akasimama mbele ya gari lake na mikono ameitanua.

"Hapana toa. Ile ngozi ni original."

"Papa Louis, ngozi ya miaka cent, mia nzima? Na ng'ombe yake uko unaijua jina?"

"Original," akasema tena. "Wewe muntu ya milango. Milango ya plastiki."

Burhani akaanza kukusanya vitu vyake. Namjua, akikasirika hapandishi sauti, anapanga spana kwa ukubwa. Nikaona mkataba unaingia begini pamoja na spana. Basi nikaweka sufuria chini, nikasema kwa Kifaransa changu kibovu, ili mzee asijifanye hajaelewa: "Ni sawa, Papa Louis. Ngozi ibaki. Nitampigia Monsieur Stijn nimwambie mwaka huu gari halitakwenda kilimani, mwenye gari ameona haliwezi."

Watu wa klabu wanamwogopa Mungu kidogo na kuogopana wao kwa wao sana. Mzee akajiburuta kwenye kiti, akashika usukani wa gari lisilokwenda, akafikiri. Mwishowe akasema Burhani abadilishe, lakini aape hatamwambia mtu wa klabu kwamba ngozi imebadilishwa, wala kwa nini.

"Na Stijn akiniuliza nilifanya kazi gani?" Burhani akasema.

"Sema ulitazama tu."

Burhani akanitazama. Nilijua anawaza nini. Akiapa, atapandisha gari na sifa haitakuwa yake, na Stijn hamwandikii mkataba mtu aliyetazama. Asipoapa, gari halipandi kabisa. Akaapa. Mwanangu akishasema ndiyo haigeuzi, tabia ya baba yake, na nimeilipia tabia hiyo tangu nilipoolewa.

Kuichomoa koni kulimchukua siku mbili, kwani lazima giaboksi isogezwe nyuma kwanza. Ngozi mpya alinunua kwa fundi wa matandiko ya farasi. Akakata mkanda mnyoofu, akauzungusha kwenye koni, ukafanya makunyanzi upande mmoja na kuvutika upande mwingine. Akakata wa pili, vilevile.

Baba yangu alikuwa fundi viatu Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, barabara ya saba, na mimi nimekulia chini ya meza yake. Nikamwambia mwanangu, "Baba, koni si ngoma. Juu pembamba, chini papana. Mkanda wake lazima upinde kama kola ya kanzu." Nikachukua gazeti, nikalizungushia koni, nikakunja, nikakata, nikamlazia mezani umbo lake: upinde, kama mwezi mwandamo ulionona. "Na ukate ngozi ya mgongoni, tumboni inavutika. Mtu akivaa kiatu cha ngozi ya tumbo, mwezi wa pili anavaa mtumbwi."

"Kumbe maman ni ingénieur."

"Mimi nimeishia darasa la sita. Waliotengeneza hili gari walimaliza shule, ndiyo maana liko hivi."

Akakata ngozi upya kwa umbo hilo, tukailoweka usiku kucha katika mafuta ya nyonyo niliyonunua duka la Waafrika la Matonge, yaleyale tunayopaka nywele. Asubuhi akaivuta juu ya koni, akaipigilia kwa misumari laini ya shaba, vichwa vimezama chini ya ngozi visikwaruze chuma. Akarudisha kila kitu. Siku zote hizo Papa Louis alikuwa akipita gereji akitazama juu, kama mtu anayepita msalani pasipo mlango.

Jumapili ya matembezi ikafika. Magari yalikuwa kama thelathini, na wenyewe wamevaa kofia za ngozi na miwani ya upepo, watu wazima, wengine na wajukuu. Wananusa moshi na kusema c'est beau, uzuri ulioje. Sheria yao ni mwenye gari aendeshe. Papa Louis akajiburuta mpaka kwenye usukani, Stijn akakaa kando yake, Burhani nyuma ya mzee, na mimi nyuma ya Stijn. Walihitaji mtu wa nne na mimi nina uzito wa kutosha. Hakuna aliyeniuliza kama napenda.

Kilima hicho ni cha mawe, kimepinda mara mbili katikati ya miti. Papa Louis akaingiza gia kwa kelele ya sufuria zilizoanguka, tukaondoka. Tulipanda vizuri mpaka kona ya kwanza. Halafu injini ikaanza kupandisha sauti na mwendo ukawa uleule. Burhani akashika kiti cha mbele.

Pale nilipokaa, miguu ya mzee naiona. Mguu wa kushoto ulikuwa umepumzika juu ya pedali ya klachi, umelala kama paka. Ukiikanyaga kidogo, koni nayo inatoka kidogo, ngozi inasuguliwa bure. Kwenye tambarare husikii kitu. Kilimani ngozi mpya inaungua kwa dakika moja. Harufu ilianza kuja, harufu ya kiatu kilichosahauliwa karibu na jiko.

Burhani aliapa kutosema neno juu ya klachi, na Stijn alikuwa amekaa palepale. Nikaona taya la mwanangu linavyokaza. Basi nikainama mbele, nikasema karibu na sikio la mzee, kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Toa muguu."

Akautoa, haraka, kama mtumwa wa mtu. Nadhani hata yeye hakujua kwa nini. Koni ikaingia mahali pake, gari likajikunja kidogo kisha likavuta, likavuta kona ya pili, likavuta na mawe yake, na uongo wake wa kodi, na mlango wake wa kuchora, mpaka juu.

Watu wakapiga makofi. Papa Louis akavua miwani, macho yana machozi, akawaambia kwa Kifaransa kwamba halijabadilishwa kitu, gari zuri ni gari zuri, ni majira tu, miaka miwili iliyopita hewa ilikuwa nzito.

"Hakuna kilichobadilishwa?" Stijn akauliza.

"Hakuna. Kijana alitazama tu."

Stijn akamgeukia Burhani. "Ulifanya nini?"

"Nilitazama," Burhani akasema. Sauti yake ilikuwa kavu.

Stijn akashuka, akapiga goti, akatoa ubao wa sakafu. Harufu ya mafuta ya nyonyo ikapanda. Akamulika kwa simu yake, akatazama ngozi ile changa na misumari yake, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Watu wa klabu wakasogea.

"Nani amekata hii ngozi?"

Papa Louis akatazama miti. Burhani akatazama viatu vyake. Nikawatazama wote wawili, mmoja anadanganya na mwingine anasema kweli ya kijinga, na nikakumbuka jambo moja. Siku ile ya kiapo nilikuwepo palepale, na sufuria yangu, na mzee hakuniapisha mimi. Haikumpitia akilini. Mtu anayeosha soksi haapishwi.

"Kakata mwanangu," nikasema. "Umbo nimemkatia mimi kwa gazeti. Ile ya zamani ilikuwa imepakwa krimu ya viti, kila Jumamosi, kwa brashi yenye mpini mrefu. Brashi iko gereji, kwenye msumari wa tatu."

Bwana mmoja mwenye kofia akaanza kukohoa, na mwenziwe akakohoa, na kikohozi kikaenea klabu nzima. Papa Louis akawa mwekundu mpaka masikioni. Sikumwonea huruma siku hiyo. Niliahirisha.

"Jumatatu saa mbili," Stijn akamwambia Burhani. "Tuone kwanza mwezi mmoja jinsi..."

"Ulisema si ya majaribio," Burhani akasema. "Ulimwambia maman. Majaribio ni hiki kilima."

Stijn akanitazama. Nikamtazama nami, bila haraka. Nina uvumilivu wa miaka mingi, naweza kumtazama mtu mpaka mvua inyeshe. Akacheka, akachukua karatasi ya ratiba ya klabu, akaandika nyuma yake: fundi, mkataba kamili, kuanzia Jumatatu, na sahihi. Burhani aliikunja mara nne akaitia mfuko wa shati.

Alikwenda kazini Jumatatu. Jumatano nilikuwa kwa Papa Louis nakunja mashuka, nikamsikia anapiga simu. Alipandisha gari kwenye kibaraza cha gereji akiwa na mguu juu ya pedali, sasa linateleza tena. Aliweka simu kwa sauti ya wazi, kwa kuwa haisikii vizuri.

"Burhani. Kuya hapa. Tengeneza."

"Bonjour, papa Louis," mwanangu akajibu. "Karakana inafungua kwa wateja saa tatu. Piga pale, uombe rendez-vous, wakupe siku. Nafasi iko mwezi wa tisa."

Papa Louis akaiweka simu mezani. Akanitazama, nikaendelea na shuka langu, pembe kwa pembe.

"Rendez-vous inaombwa aje?" akaniuliza.

"Unaanza na tafadhali," nikamwambia.